Mama mdogo, mwanao hajarogwa wala hajawasahau

Mama mdogo, umeniandikia kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, ukitaka nikueleze bila kuficha kama ni kweli mwanao amerogwa huku Marekani, kwa kuwa hapokei simu, ameacha kazi, na watu wamekuletea habari kwamba usiku analala sakafuni karibu na mlango. Yeye mwenyewe ameniruhusu nikujibu, na ninaomba wazazi wengine wasomewe jibu hili, kwa sababu hapa Louisville wenye hali kama yake ni wengi.

Hajarogwa. Anaumwa ugonjwa unaotokana na kiwewe cha vita, ambao madaktari wa akili wa Marekani waliuingiza katika orodha yao ya magonjwa mwaka 1980. Mgonjwa hupotewa na usingizi, moyo humwenda mbio, hasira humpanda ghafla, na yale aliyoyaona kwetu Fizi, mashariki mwa Kongo, humrudia kana kwamba yanatokea sasa hivi. Tarehe 4 Julai, Wamarekani walipokuwa wakisherehekea uhuru wao kwa fataki, nilifika kwake nikawakuta watoto wamelazwa chini ya kitanda, naye amesimama gizani baada ya kusukumia kochi mlangoni. Hakuwa amelewa, kama mlivyoambiwa.

Unauliza kwa nini hakuugua kambini. Naamini alikuwa tayari anaumwa, ila posho, kuni na kusubiri kuitwa kwenye usaili wa kuhamia Marekani havikumpa nafasi ya kujisikiliza, na wengi huzidiwa baada ya kufika mahali penye usalama. Huku nako kuna mizigo yake: msaada wa mapokezi huisha baada ya miezi michache, kodi ya nyumba haisubiri, na nauli ya ndege aliyokopeshwa lazima ailipe kidogo kidogo kila mwezi. Ninasema hili kwa uchungu, lakini lazima lisemwe: simu za kuomba pesa, zikifuatwa na lawama kwamba amewasahau, zimemwongezea ugonjwa.

Alipopimwa afya siku za mwanzo, aliulizwa kwa Kiswahili kuhusu ndoto mbaya na hofu, akajibu hapana kwa kila swali. Aliogopa kuitwa mwendawazimu, kunyang'anywa watoto, na zaidi ya yote aliogopa kwamba mkalimani, ambaye ni Mkongomani mwenzetu, angeyatangaza mambo yake. Wanaokuja wajue kwamba mkalimani analazimika kutunza siri, kwamba hospitali inayopokea fedha za serikali haiwezi kumtoza mgonjwa malipo ya ukalimani, na kwamba mtu anaweza kuomba mkalimani wa kwenye simu, asiyemfahamu kabisa.

Sasa anatibiwa. Anameza dawa kila siku, na kila wiki anakutana na mtaalamu ambaye siku ya kwanza alimpa kamba aitandaze sakafuni iwe maisha yake tangu kuzaliwa, aweke ua palipokuwa na furaha na jiwe palipokuwa na msiba. Jiwe la usiku wa kuvuka Ziwa Tanganyika alilishika muda mrefu kabla ya kuliweka. Tangu hapo wanasimulia jiwe moja baada ya jingine, kwa utaratibu, mpaka kila tukio lipate mwanzo na mwisho wake. Tiba hii ilijaribiwa pia Uganda, katika makazi ya Nakivale, kwa wakimbizi Wanyarwanda na Wasomali, na walioitoa walikuwa wakimbizi wenzao waliopewa mafunzo. Wengi walipata nafuu kubwa. Kwa hiyo si tiba ya Wazungu peke yao, na hata huko kambini ingeweza kutolewa.

Maombi yaendelee, mama mdogo, naye anayahitaji, ila mchungaji asimwambie aache dawa, kwani kuziacha ghafla kunaweza kumrudisha nyuma. Mambo ya ada za shule za wadogo zake nileteeni mimi kwa sasa. Mpigie Jumapili saa mbili usiku za huko, wakati huku ni mchana na huwa ametulia, umweleze habari za shamba na za watoto, wala usimuulize kuhusu vita mpaka yeye mwenyewe aanze.