Nilidhani ni vitamini D tu

Juzi usiku nilipata ujumbe wa msomaji, dada anayeishi Birmingham: "Da, mdogo wangu ana miaka 20, tangu Novemba anasikia sauti. Wamempima damu, vitamini D iko chini kabisa. Kumbe ndiyo inayomchanganya! Nimwachishe zile dawa za hospitali nimpe matone?"

Niliusoma mara tatu, wali ukaungulia jikoni. Miaka minne nyuma ujumbe huo ningeuandika mimi.

Sisi tuko London mashariki. Mdogo wangu alikuwa na miaka 19, mwaka wa kwanza chuoni, kijana wetu wa kujivunia. Desemba ile alianza kutundika blanketi juu ya pazia la chumba chake, eti majirani wa ng'ambo wanampiga picha. Mchana analala, usiku anatembea. Kisha akaanza kuwajibu watu tusiowaona. Mama akasoma Yasini hadi sauti ikamkauka. Shangazi akapiga simu kutoka Mombasa: huyo ana jini, mleteni. Kwenye grupu la familia waliandika maneno ambayo mpaka leo sijayasahau, na walioyaandika wanajijua.

Tukapata timu inayoshughulikia vijana waliopata saikosisi kwa mara ya kwanza, yaani ugonjwa wa akili unaomfanya mtu asikie au aamini yasiyokuwepo. Wakampa olanzapini, vidonge vya kutibu saikosisi, wakampima damu. Vitamini D: nanomoli 19 kwa lita. Chini ya 25, hapa Uingereza, ni upungufu.

Nilifurahi, nakiri, furaha ya kijinga. Hatimaye nimepata ugonjwa usio na aibu! Nikaandika kwenye grupu: "Si jini, si wazimu, ni vitamini." Mdogo wangu alipolalamika kuwa vidonge vinamnenepesha na kumlaza kama gogo, sikumwambia aache. Nilinyamaza tu. Naye akaelewa ukimya wa dada yake.

Mwezi wa tatu, nikitafuta nguo chafu, nilikuta vidonge vya wiki nyingi vimefungwa tishu ndani ya raba yake ya mguu wa kushoto. Matone ya vitamini alikuwa akinywa kila siku bila kukosa. Wiki hiyohiyo alirudi wodini. Ya wodini sitayasimulia.

Baada ya hapo ndipo nikasoma vizuri. Ngozi hutengeneza vitamini D kwa mionzi ya jua, na kuanzia Oktoba hadi mwanzoni mwa Machi jua la London halina nguvu hiyo. Ngozi nyeusi inahitaji jua zaidi. Sasa mjumlishie kijana anayejifungia ndani na kula bisikuti usiku wa manane, hiyo vitamini ataitoa wapi? Mara nyingine ugonjwa ndio unaoishusha. Mwaka 2021 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa hapa Uingereza kwa watu 149 waliokuwa katika miaka ya mwanzo ya saikosisi. Kama robo tatu yao vitamini D ilikuwa pungufu, na kwa weusi na wenzao wa jamii za wachache ilizidi tisa kwa kila kumi. Nusu wakapewa yuniti 120,000 kila mwezi kwa miezi sita, nusu wakapewa kitu kinachofanana nayo lakini kisicho na vitamini, ili kulinganisha. Vitamini ikapanda kwenye damu, lakini dalili za saikosisi hazikutofautiana.

Kwa hiyo mpe, mifupa na misuli inaihitaji. Wenye ngozi nyeusi hapa tunashauriwa mikrogramu 10 kila siku, mwaka mzima. Aliyepimwa akakutwa na upungufu, daktari atampangia dozi kubwa zaidi. Usimzidishie mwenyewe kwa mapenzi, maana ikizidi inajaza kalsiamu kwenye damu na figo huumia. Na dawa za hospitali asiache. Zikimnenepesha, semeni na timu, zipo nyingine. Asiache. Nyinyi dada wakubwa mnaojifanya madaktari wa familia, nawajua, mimi ni mwenzenu: kunyamaza nako ni kushauri.

Leo yuko mwaka wa pili, kwenye kozi aliyoichagua mwenyewe, na grupu la familia nalitumia picha zake kila Ijumaa makusudi. Amenikubalia niandike haya, ila nisitaje kitambi.

Dada wa Birmingham, namba ya timu iko kwenye barua waliyompa. Wapigie kesho asubuhi, kabla hujamgusia neno lolote kuhusu vidonge. Halafu kaangalie ndani ya viatu.