Re: Lipa namba imeua chuma ulete?
Mkuu umeuliza kama hizi lipa namba (za mteja kulipia kwa simu) zimeua imani ya chuma ulete, ile ya kwamba mtu anakuvutia hela kichawi kwenye droo, maana hela haikai tena humo. Mi naona haijafa, imehamia kwenye simu tu.

Nina kimeza cha vipodozi Kariakoo, zamani kila jioni hesabu inapungua buku tano, buku saba, jirani akaniambia hiyo chuma ulete hiyo, weka ndimu na pini kwenye droo, basi nikaweka (usicheke), na kuanzia hapo nikawa naikodolea macho ile droo kila mteja akitoa noti, na kweli upungufu ukapungua! Sasa ilikuwa ndimu au macho yangu?

Baadae nikaanza kupokea kwa simu, M-Pesa ipo Bongo tangu 2008 ila sisi wa vimeza tulichelewa, nikawa naona kwenye meseji kila kitu kilipoenda, makato, vocha, chipsi za dogo, nauli. Hakuna jini hapo mkuu, mwizi nilikuwa mwenyewe.

Ila hadithi ina nguvu bwana, mpaka leo mteja wa kwanza asubuhi akitaka kukopa simpi ng'o. Na yule jirani hapokei namba asiyoijua kabla hajauza, anasema siku hizi wanavuta hela kwa meseji, na hajakosea sana, wale matapeli wa "ile hela tuma kwa namba hii" si unawajua. Juzi kaniuliza ndimu inawekwaje kwenye simu.