Kwa Nini Namchagua Kamishna wa Kilimo Nami Sina Shamba

Ndugu zangu, mjomba ameniuliza kama ni kweli kwamba huku North Carolina hata mkuu wa kilimo huzunguka akiomba kura, na kama ni kweli, mtu wa mjini kama mimi, nisiye na hata mche mmoja wa bamia, namchagua wa nini. Ni kweli. Nyumbani Tanzania Waziri wa Kilimo huteuliwa na Rais miongoni mwa wabunge, lakini katika majimbo 12 ya Marekani mwenye dhamana hiyo huchaguliwa na wapiga kura wa jimbo zima, kwa hiyo gavana hawezi kumwondoa apendavyo. Mwaka 2024 Josh Stein wa chama cha Democratic alishinda ugavana, na siku hiyo hiyo Steve Troxler wa Republican, mkulima wa tumbaku, alirudishwa kwenye ukamishna anaoushika tangu 2005.

Idara yake haishughulikii mazao na mifugo peke yake. Ndiyo inayopima kama pampu ya petroli inatoa kiasi inachoonyesha, kama mizani ya dukani ni ya haki, na kama bei inayosomwa na mashine ya kaunta inalingana na iliyobandikwa rafuni. Duka linalowatoza wateja zaidi mara kwa mara hupigwa faini na jina lake hutangazwa. Kwetu vipimo kama hivyo viko kwa Wakala wa Vipimo, na biashara ya mafuta husimamiwa na EWURA, mamlaka ya nishati na maji. Mtu anayejaza mafuta kila wiki ana sababu ya kumjua kamishna huyu.

Lakini niseme ukweli: wengi wetu wahamiaji, hata tuliokwisha kupata uraia, tunamchagua rais na gavana, kisha majina ya chini tunayaacha wazi au tunafuata chama kilichoandikwa kando ya jina. Tangu 2014 jimbo hili haliruhusu kutia alama moja kwa chama kizima, hivyo karatasi ndefu ya kura humchosha mtu aliyetoka kazini usiku.

Anayedhani nafasi hii ni ndogo aangalie uchaguzi wa 2004. Katika kaunti ya Carteret, mashine ya kupigia kura za mapema ilijaa, ikaendelea kupokea wapiga kura bila kuhifadhi chaguo zao, na kura 4,438 zikapotea moja kwa moja. Troxler alikuwa anamzidi Britt Cobb, kamishna wa wakati huo, kwa kura 2,287 tu. Bodi ya uchaguzi iliagiza watu wapige kura upya, mahakama ikakataa, na mvutano ukavuka mwaka mpya. Hatimaye upande wa Troxler ulikusanya hati za kiapo za zaidi ya watu 1,300 wa Carteret waliosema walimpigia yeye, hata kura nyingine zote zilizopotea zingekuwa za Cobb asingemfikia, naye akakubali kushindwa Februari 2005. Mwaka huo huo bunge la jimbo lilipitisha sheria ya kutaka kila kura iwe na kumbukumbu ya karatasi. Nchi iliyozoea kutuma waangalizi kwetu ilipoteza kura zake kwa sababu mashine ilijaa. Hilo mjomba atalifurahia.

Je, ningependa utaratibu huu uletwe nyumbani? Sina hamu hiyo. Mgombea anahitaji fedha za kampeni, na wenye sababu kubwa ya kumchangia ni wale wale ambao idara yake inawakagua. Tena North Carolina inaongoza Marekani kwa viazi vitamu, na wanaovichimba ni wafanyakazi wa msimu, wengi wao kutoka Mexico kwa viza za muda, wasioruhusiwa kupiga kura yoyote. Kambi wanazolala hukaguliwa na idara ya kazi, ambayo mkuu wake naye huchaguliwa na watu wengine.