DeVille ya bei ya kutupa: dawa ya kuziba haikazi bolti

SWALI: Naishi Marekani. Nimeonyeshwa Cadillac DeVille ya 2002 yenye injini ya Northstar V8, imetembea maili 82,000 na mwenyewe anataka dola 2,600. Viti vya ngozi ni kama vipya, na barabarani inatulia kuliko gari lolote nililowahi kuendesha. Tatizo ni moja: kwenye mlima mrefu mshale wa joto unapanda, nikirudi mjini unashuka. Fundi wa muuzaji anasema ni thamostati, ile vali inayoruhusu maji ya injini kwenda kupoa, na kama ni gasketi ya hedi, yaani kizibio kati ya bloku na kichwa cha injini, atamimina chupa ya dawa ya kuziba, yaishe. Ninunue?

JIBU: Usitoe hela bado, na hiyo chupa isimiminwe hata kama gari halitakuwa lako. Joto linalopanda mlimani na kushuka mjini ndilo linaloniletea maswali mengi kuliko kitu kingine chochote kuhusu magari haya, na karibu kila mara linakuja na ushauri huohuo wa chupa.

Uzuri ulioupenda ni wa kweli. DeVille za 2000 hadi 2005 zina inchi 115.3 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, kwa hiyo abiria wa nyuma ananyoosha miguu na mashimo ya barabara hayamfikii mgongoni. Injini ni ya lita 4.6, vali 32, nguvu za farasi 275, inatumia minyororo badala ya mkanda wa taimingi, na tangu 2000 inakubali petroli ya kawaida. Northstar isiyo na hitilafu ni injini tamu sana kuendesha. Bei imeporomoka kwa sababu iliyomo ndani ya bloku, kiwiliwili cha injini.

Watu husema "gasketi imeungua". Kwenye Northstar, gasketi mara nyingi inasingiziwa. Kila hedi inashikwa na bolti kumi kubwa za mm 11, na bolti hizo zinakaza kwenye nyuzi zilizochongwa moja kwa moja katika bloku ya alumini. Hadi injini za 2003 nyuzi hizo zilikuwa za kubanana, hatua (umbali wa uzi hadi uzi) ya mm 1.5; kuanzia 2004 GM, kampuni inayotengeneza Cadillac, iliziachanisha, hatua ikawa mm 2. Alumini ni laini kuliko chuma cha bolti. Inapashwa na kupoa maelfu ya mara, unyevu na maji yaliyochakaa yanaifikia, mwishowe nyuzi zinaliwa na kung'oka. Ukifungua injini ya namna hiyo, bolti inatoka ikiwa imeng'ang'aniwa na unga mweupe na vipande vya alumini. Bolti ikilegea, hedi haibanwi tena sawasawa, na injini ikibeba mzigo gesi ya mlipuko inapenya hadi kwenye njia za maji.

Ndiyo maana mjini gari linatulia. Mzigo ni mdogo, gesi inayopenya ni kidogo. Mlimani gesi inaongezeka, inasukuma maji yatoke kupitia mfuniko wa tangi la akiba la maji, hewa inajaa mahali palipokuwa na maji, na mshale unapanda. Thamostati iliyokwama ikiwa imefunga ingekuchemshia injini hata kwenye foleni ya mjini, kwa hiyo maelezo ya huyo fundi hayalingani na dalili yako.

Hata hivyo, usiihukumu injini kabla ya kuangalia vitu viwili vya bei ndogo. Cha kwanza ni mpira mwembamba wa kutolea hewa unaoingia juu ya tangi la akiba. Injini ikiwa baridi, uchomoe upande wa tangi kisha washa gari: maji yanapaswa kutoka kwa mfululizo. Yakidondoka au yasipotoka, njia imeziba, na mara nyingi waya mwembamba unatosha kuizibua. Cha pili ni mkanda mdogo wa pampu ya maji. Uko peke yake kwenye ncha ya injini iliyo upande wa dereva, chini ya kifuniko cha plastiki, unazungushwa na kamshafti, mhimili unaofungua vali. Wengi hawajui kama upo. Ukilegea au kikazio chake kikichoka, pampu inazunguka bila nguvu.

Hivyo vikiwa salama, pima gesi kwenye maji. Kuna kimiminika cha buluu kinachogeuka njano kinapokutana na gesi ya mlipuko. Kwanza lipandishe gari mlimani, libaki na mzigo kwa muda, kisha liache lipoe hadi mfuniko ufunguke kwa usalama. Ndipo upunguze maji kidogo ili yasivutwe ndani ya kifaa, uwashe na upime. Anayepima gari lililosimama tu, halijafanya kazi, atapata jibu zuri la uongo. Kipimo kingine hakihitaji hela. Gari likilala usiku mzima, asubuhi fungua mfuniko, ufunge, washa, na ubinye mpira mkubwa wa juu wa rejeta. Ukiwa mgumu ndani ya dakika moja au mbili, wakati maji bado ni baridi, shinikizo hilo halitokani na joto. Ni gesi.

Usisahau kumbukumbu za gari lenyewe, kwa sababu DeVille hii inaonyesha kodi zake, yaani namba za hitilafu, bila mashine ya kusomea. Washa swichi, bonyeza kwa pamoja OFF na kitufe cha kuongeza joto kwenye paneli ya kiyoyozi, kisha soma. P1258 maana yake injini iliwahi kupata joto hadi kompyuta ikaanza kuwasha nusu ya silinda kwa zamu ili kuiokoa. Ukikuta kodi zote zimefutwa asubuhi hiyohiyo, chukulia hilo kama jibu.

Kama ni bolti, kuna ukarabati mmoja unaodumu. Injini inashushwa chini pamoja na fremu yake, kwa kuwa hedi ya nyuma imeegemea ukuta wa mbele wa kabati na haiwezekani kutoboa kwa unyoofu ikiwa ndani. Matundu yote 20 yanatobolewa upya na kuwekewa vikombe vya chuma vyenye nyuzi, au bolti zinabadilishwa kwa stadi, vyuma visivyo na kichwa, zenye nyuzi pana. Yote 20, hata yale yanayoonekana mazima, kwa sababu ukiyaacha yatafuata. Koili za waya za kurudishia nyuzi hazitoshi hapa. Hedi zinapimwa unyoofu. Bolti ni mpya, kwa sababu zinakazwa kwa pembe na hazirudiwi. Malipo ya kazi hiyo kwa kawaida yanapita dola 2,600 unazoombwa. Anayeahidi "kubadilisha gasketi tu" kwa bei nafuu anakuuzia miezi michache.

Sasa hiyo chupa. Ndani yake kuna chembe au silikati zinazoganda zikikutana na joto. Ufa unaozibwa unafunguka kwa mlipuko wenye shinikizo la makumi ya mara kuliko lile linalohimiliwa na mfuniko wa tangi, na hakuna kimiminika kinachorudisha nyuzi za alumini. Kinachozibwa ni vijia vyembamba: ule mpira wa hewa, rejeta ndogo ya hita, mirija ya rejeta kubwa. Gari lililokuwa na tatizo moja linapata matatu. Wauzaji wa dawa hizi hujitetea kwamba hata GM iliweka vidonge vya kuziba kwenye Northstar. Ni kweli iliweka, lakini kwa ajili ya majimaji yanayojipenyeza kidogo kidogo kwenye viungo na vinyweleo vya alumini. Kutumia hoja hiyo kuuza dawa ya hedi ni kumdanganya mteja.

Utetezi wa pili ni maili chache. Maji ya rangi ya chungwa ya Dex-Cool yamepewa miaka 5 au maili 150,000, kinachotangulia. Gari la miaka zaidi ya 20 lenye maili 82,000 halijafikia kikomo cha maili hata mara moja, na wamiliki wengi hukaa wakisubiri kikomo hicho huku kile cha miaka kikiwa kimepita mara kadhaa. Ulizia risiti za kubadilisha maji kabla ya kusifia maili chache.

Popote unapotazama Northstar, iwe kwenye DeVille au Cadillac nyingine kama Seville na Eldorado, fika injini ikiwa baridi. Ukiikuta imeshawashwa, ahirisha. Matope ya kahawia au chembe zinazometa ndani ya tangi, hita inayopuliza ubaridi, thamostati iliyotolewa kabisa ili mshale usipande: kila moja inatosha kukuondoa. Ukiambiwa injini ilishatengenezwa, risiti itaje vikombe au stadi 20. Isipotaja, ihesabu kuwa haijatengenezwa.

Kwa gari hilo, kimiminika kikigeuka njano, mpe muuzaji bei ya gari lisilo na injini au achana naye. Kikibaki buluu baada ya mlima, na tatizo likawa mpira wa hewa au mkanda wa pampu, litengeneze, likupandishe mlima huohuo tena, ndipo ulipe. Kisha wiki hiyohiyo mwaga maji yote na ujaze Dex-Cool mpya, nusu kwa nusu na maji yaliyochujwa madini.