Muulize Fundi Mabango: Wageni elfu nne, gunia hata moja halijatoka

Kwa wanaoifungua safu hii mara ya kwanza: mimi nilichora mabango ya maduka na majina ya mitumbwi hapa Mwanza mpaka mashine za kuchapa ziliponipokonya brashi. Siku hizi nawasaidia wafanyabiashara kutangaza kwenye simu. Barua za mwezi huu ni nne, na tatu kati yake zinaumwa ugonjwa mmoja: watu kutazamiana kurasa na kubofyana matangazo badala ya kutafuta wateja.

*Fundi, shikamoo. Nauza dagaa kwa jumla pale Mwaloni, Kirumba. Mtoto wa dada yangu alinifungulia tovuti, akaiandikisha kwenye mtandao wa kubadilishana wageni. Mwezi mmoja tumepata wageni 4,000, lakini simu haijalia hata mara moja. Sasa mtandao huo unatutaka tulipie wageni wengine 20,000. Nilipe?*
*Mama wa Mwaloni, Kirumba*

Marahaba, mama. Usilipe.

Mitandao ya namna hiyo iko hivi: mwanachama anafungua ukurasa wa mwenzake, kisaa kinahesabu sekunde 15 au 20, zikiisha anapewa pointi na kufungua mwingine. Pointi alizokusanya zinageuka wageni wa ukurasa wake yeye. Mingi inakupa mgeni mmoja kwa kila kurasa mbili ulizotazama. Kaa na kijana mpige hesabu. Kwa kiwango hicho, wageni 4,000 ni kurasa 8,000, na kwa sekunde 15 kila mmoja hizo ni zaidi ya saa 33 mtu amekodolea macho kioo huku bando linateketea. Mpe pole, na umrudishie hela ya bando.

Na hao 4,000 ni akina nani? Ni wenzake. Ni gulio ambalo kila aliyeingia amebeba tenga lake la kuuza na hakuna aliyekuja na pesa. Macho yao yako kwenye kisaa, hayako kwenye dagaa wako. Kama unabisha, mwambie kijana afungue takwimu za tovuti akuonyeshe mambo mawili: wageni wanatoka nchi gani, na wanakaa muda gani. Ukikuta kundi kubwa linatoka nchi ambazo huwezi kusafirisha gunia, tena wote wanaondoka sekunde ileile kisaa kinapoisha, basi hao 20,000 wanaouzwa ni ndugu zao.

Sisemi mitandao hiyo haifai kwa lolote. Mtu anayetengeneza nembo, au anayewajengea watu tovuti, anaweza kupata mteja mle, kwa sababu wanachama wote wana biashara ndogo za mtandaoni na wanahitaji vitu hivyo. Huyo aweke ukurasa mmoja mwepesi, wenye sentensi moja inayosomeka kabla kisaa hakijaisha, na kisanduku cha mtu kuacha barua pepe. Ahesabu barua pepe, asihesabu wageni. Na atumie kivinjari cha pembeni ambacho hakina nywila zake za benki wala za barua pepe ya kazi, maana kurasa zinazofunguka mle hazijulikani zimetoka wapi.

Wewe mama wateja wako ni wenye maduka Dar es Salaam na Dodoma, wasindikaji wa vyakula vya kuku, na wafanyabiashara wanaovusha mzigo kwenda Kongo. Wako Facebook na WhatsApp kama sisi sote. Lipia tangazo linalomwingiza mtu moja kwa moja kwenye WhatsApp yako, na uchague mwenyewe mikoa ya kulionyesha. Usibonyeze tu kile kitufe cha Facebook cha kubusti, yaani kusukuma posti kwa pesa, ukaacha mashine ikuamulie, kwani itakuletea vijana wa kupenda picha, nao hawanunui magunia. Piga picha dagaa wakiwa juu ya chanja, siyo mchangani. Mnunuzi wa dagaa wa kula anaogopa mchanga kuliko anavyoogopa bei, na picha hiyo peke yake itakufanyia kazi kubwa. Andika bei ya gunia. Andika na mzigo unaondoka na usafiri gani.

Jambo ambalo hakuna mtaalamu wa Dar atakayekuambia ni mwezi. Dagaa wanavuliwa kwa taa, na mbalamwezi ikiwa kali mitumbwi inalala. Ukilipia tangazo wiki ya mbalamwezi utapata simu nyingi na chanja tupu, na mteja aliyekosa mara ya kwanza harudi. Washa tangazo siku za giza la mwezi zinapoanza, lizime mwezi unapokua.

Kisha hesabu. Tuseme umetumia shilingi 30,000, watu 15 wakakuandikia na wawili wakanunua. Kila aliyeandika amekugharimu 2,000, kila aliyenunua 15,000. Je, faida ya mzigo wa mnunuzi mmoja inazidi 15,000? Ikizidi, endelea. Isipozidi, badilisha picha au mkoa kabla ya kuongeza hela, na ubadilishe kimoja kimoja ujue kilichosaidia ni kipi.

*Fundi, mimi ni mwanafunzi wa SAUT, Malimbe. Nina blogu ya mpira, zaidi naandika habari za Pamba Jiji. Google wameniwekea matangazo yao ya AdSense, nao wananilipa kwa ajili yake. Tuna kundi la WhatsApp, kila mmoja anabofya matangazo ya mwenzake asubuhi na jioni. Nimefikisha dola 9. Kuna ubaya gani, maana wote tunafaidika?*
*Kijana wa Malimbe*

Mwanangu, wote hamfaidiki. Kuna mtu anayelipia kila mbofyo huo, pengine ni mwenye duka kama mama wa Kirumba hapo juu, na ninyi mnamla.

Google wanakataza mwenye ukurasa kubofya matangazo yake au kuwaomba watu wamsaidie kubofya. Wanakataza pia kuleta wageni wa mitandao ya kubadilishana na ile ya kulipwa kwa kubofya. Mashine zao zinaona simu zilezile, saa zilezile, kutoka bweni lilelile. Wakikukamata wanafunga akaunti, na hela iliyotokana na mibofyo hiyo wanawarudishia wenye matangazo. Kuirudisha akaunti iliyofungwa ni kazi ngumu, na ukifungua nyingine kwa jina lako wataifunga nayo.

Tena kundi hilo halina hata faida ya kuhatarishia. Tangu mwanzoni mwa 2024 malipo ya AdSense kwa kawaida yanahesabiwa kwa tangazo kuonyeshwa, siyo kwa kubofywa. Toka humo leo, na uwaandikie Google kupitia fomu yao ya mibofyo isiyo halali kabla hawajakuandikia wao.

Ukifika dola 10 watakutumia namba ya siri kwa barua ya posta, barua ya karatasi kabisa, kwenye anwani uliyojaza. Usijaze sanduku la chuo ambalo hakuna anayekufungulia. Tumia S.L.P. ya mtu anayekwenda posta. Miezi minne ikipita bila kuiingiza namba hiyo, matangazo yanakoma kuonekana. Malipo yenyewe hayatoki mpaka ufikishe dola 100, na kwa blogu ya timu moja hiyo ni safari ndefu. Kwa hiyo nenda Makoroboi kwa wauza jezi, nenda kwenye vibanda vya kuonyeshea mpira, uwauzie nafasi juu ya ukurasa wako kwa mwezi. Waonyeshe takwimu za kweli, hata kama ni ndogo. Muuza jezi ana haja na watu 300 wanaoipenda Pamba kuliko 30,000 wasiojua Nyamagana iko wapi.

*Fundi, salaam. Mimi ni mwalimu huku Ukerewe. Mwenzangu wa shule ananishawishi tununue vifurushi vya matangazo kwenye kampuni ya mtandaoni. Unalipa dola 50, unapewa wageni wa tovuti (mimi sina tovuti), unatazama matangazo kila siku, na pesa inarudi na faida. Yeye ameshalipwa mara mbili. Nina mkopo wa SACCOS mkononi.*
*Mwalimu, Nansio*

Mwalimu, mkopo huo usiuguse.

Kuna kampuni ya Marekani iliyoitwa Traffic Monsoon, ya jimbo la Utah. Ilijiita mtandao wa kubadilishana wageni. Ilikuwa ikiuza kifurushi kwa dola 50. Ulipewa wageni 1,000 na mibofyo 20 ya tangazo lako, na ukitazama matangazo 50 kila siku uliahidiwa mpaka dola 55. Barua yako ingeweza kuwa imenakiliwa kutoka kwao. Julai 2016 mamlaka ya masoko ya mitaji ya Marekani, SEC, iliipeleka mahakamani. Walichosema ni kwamba zaidi ya asilimia 99 ya mapato ya kampuni yalitokana na kuuza vifurushi hivyohivyo. Matangazo hayakuwa yakizalisha kitu. Waliotangulia walilipwa hela ya waliofuata. Watu walikuwa zaidi ya 162,000, fedha zaidi ya dola milioni 207, na tisa kati ya kila kumi waliishi nje ya Marekani.

Haikuwa ya kwanza. Februari 2006 SEC hiyohiyo iliifunga 12DailyPro, iliyowaahidi watu asilimia 12 kwa siku kwa siku 12, wao watazame kurasa 12 tu kila siku. Na hapa kwetu hatuhitaji kwenda Utah. Waliokuwa watu wazima mwaka 2009 wanaikumbuka DECI, wakati watu wakipanda mbegu na kusubiri kuvuna. Sheria ya Tanzania inaiita biashara hiyo upatu, na kuiendesha ni kosa la jinai.

Mwenzako hakudanganyi, nadhani. Amelipwa kweli. Kulipwa mara mbili ndiko kunakomfanya akushawishi wewe, na mfumo hauwezi kwenda bila ushuhuda wa mtu mwaminifu kama mwalimu. Muulize swali moja mbele ya chai: mtu ambaye hakununua kifurushi, na ambaye anataka tu kuuza sabuni yake, analipa shilingi ngapi ili mimi nitazame tangazo lake? Akikosa jibu, mwambie atoe mtaji wake leo kama bado unatoka. Umesema mwenyewe huna tovuti. Mtu anayekuuzia wageni huku akijua huna pa kuwapokelea anauza kitu kingine.

Na tafadhali usimpe yeyote namba ya siri ya akaunti yako ya simu eti akusaidie kutoa faida.

*Fundi, nina nyumba ya kulala wageni karibu na stendi ya Nyegezi. Nimetenga 30,000 kwa matangazo ya mtandaoni. Nianzie wapi? Nimeambatisha picha ya bango langu.*
*Mwenye Lodge, Nyegezi*

Anzia pasipo na malipo. Sajili nyumba yako kwenye ramani ya Google, weka alama mlangoni kabisa na siyo upande wa pili wa barabara, pakia picha za chumba, choo na geti la usiku, kisha waombe wageni waliolala salama waandike maoni yao. Abiria anayeshuka basi usiku anatafuta kitanda kwenye simu palepale stendi, na huyo humlipii hata senti. Elfu 30 yako itunze kwa msimu vyumba vinapobaki vitupu, uinunulie tangazo linaloonekana kwa waliopo kilometa chache kutoka stendi.

Bango nimeliona. Rangi nzuri, herufi zimekaa. Ila namba ya simu ina tarakimu tisa, ile sifuri ya mwanzo aliyechora ameiruka. Irudishe kabla hujaipakia picha hiyo popote.