Mshale uko kwenye 7, mbona ni saa moja?

Swali: Mwanangu wa darasa la kwanza ameanza kusoma saa ya ukutani. Mshale mfupi ukiwa kwenye 7 husema "saa saba asubuhi", kwa kuwa ndivyo anavyoona. Je, nimwache? Na mishale yenyewe iitweje?

Jibu: Usimwache, mzazi mwenzangu, maana "saa saba asubuhi" haipo katika Kiswahili: saa saba ni ya mchana, jua likiwa limepita utosini, au ya usiku, watu wakiwa wamelala. Tarakimu ameisoma sawasawa. Alichokosea ni kudhani kwamba tarakimu iliyochapwa ndiyo jina la saa. Sisi huanza kuhesabu saa za mchana jua linapochomoza na za usiku linapozama, ilhali saa za ukutani zimechapwa kwa hesabu ya Kizungu, inayoanzia usiku wa manane na adhuhuri, na ndiyo maana hesabu hizo mbili hupishana kwa saa sita kamili.

Sita ni nusu ya duara la saa, kwa hiyo jina la saa hukaa daima mkabala na ncha ya mshale mfupi. Chomoa njiti moja ya ufagio wa chelewa, uilaze juu ya mshale huo ivuke katikati hadi ukingo wa pili: ncha moja ikiwa kwenye 7, nyingine itaangukia 1, nayo ndiyo saa. Mimi naipenda njia hii kuliko kumwambia mtoto atoe sita, kwa sababu kwenye 8 atatoa vizuri, lakini akifika kwenye 4 atakwama.

Dakika husomwa kama zilivyo. Panapotaka subira ni kwenye kasorobo, yaani kasoro robo: mshale mrefu uko kwenye 9, mfupi umekaribia 8, naye mtoto atasema "saa moja kasorobo" kwa kuwa muda mfupi uliopita ilikuwa saa moja. Mweleze kwamba hapo tunataja saa inayokuja, hivyo ni saa mbili kasorobo.

Ama jina, mshale na mkono yote hutumika, lakini neno mahsusi ni akrabu, lililotoka katika Kiarabu, ambako maana yake ni nge. Mfundishe akrabu fupi na akrabu ndefu.