Usingoje Mswada Uingie Ukumbini

Huku Pemba wengi wetu tunapata habari za mswada redioni, siku waziri anapousimamia ukumbini Chukwani, Unguja, kwenye Baraza la Wawakilishi la Zanzibar. Hapo ndipo simu zinapoanza: Mwakilishi aambiwe hivi, waziri aandikiwe vile. Mimi ni katibu wa kamati ya wavuvi ya shehia, na ninachowaambia wenzangu wa jumuiya zote, za wavuvi, za kina mama wa mwani, za wazazi wa skuli, ni kwamba siku hiyo si ya kuanza kazi. Mswada ukishafika kusomwa mara ya pili, mambo yanakwenda mbio. Wajumbe wanachangia, waziri anajibu, Baraza linakaa kama Kamati ya Kutunga Sheria na kupitia kifungu kimoja baada ya chengine, kisha unasomwa mara ya tatu. Barua yako ikiwa bado iko njiani, sheria imeshapita.

Basi ijue kalenda ya Baraza. Baraza la Wawakilishi halikai mwaka mzima, linakutana kwa mikutano, na mkubwa kuliko yote ni wa bajeti, Mei na Juni, kwa kuwa mwaka wa fedha unaanza tarehe 1 Julai. Wizara zinaingia moja moja na makadirio yao, na mwisho zinapitishwa sheria za fedha na matumizi. Ukiwa na hoja ya ada au kodi, huo ndio wakati wake, na uwe umeshajipanga tangu mapema. Hoja ya aina nyengine itafute mkutano mwengine, maana ndani ya bajeti hakuna mtu mwenye nafasi ya kukusikiliza.

Kabla ya yote hayo mswada una safari ndefu. Unaandikwa wizarani, unapita Baraza la Mapinduzi, ndilo baraza letu la mawaziri, unachapishwa katika Gazeti Rasmi, unasomwa mara ya kwanza bila ya mjadala, kisha unakwenda kwa kamati ya kudumu inayohusika. Mara nyingi baina ya kusomwa mara ya kwanza na mara ya pili panapita muda, na muda huo ndio wenu. Kamati inaweza kuita wadau, na msipoitwa ombeni. Pigeni simu kwa Mwakilishi wenu, mwambieni awapatie nakala ya mswada, na anzeni kusoma nyuma, kwenye madhumuni na sababu, ndipo mrudi kwenye vifungu. Katika mswada wa kurasa nyingi, vifungu vinavyokuhusuni hasa huwa vichache.

Tulipokwenda mbele ya kamati kwa mswada uliogusa leseni za vyombo, mzee mmoja wetu alieleza maisha ya dago vizuri mno: mvuvi anahama na chombo chake, anapiga kambi mbali na kwao, leseni inamwishia akiwa huko huko. Mwenyekiti alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: "Kifungu gani, mzee wangu, na mnataka kisomeke vipi?" Nikatoa karatasi. Ilikuwa imeandikwa maneno gani yafutwe na badala yake yasomeke nini: mvuvi aweze kuhuisha leseni katika ofisi ya uvuvi ya wilaya yoyote, si ile aliyosajiliwa tu. Chini yake mistari miwili ya sababu. Mwanasheria wa kamati aliichukua pale pale, na maneno yetu yakaingia katika ripoti ya kamati. Masimulizi ya mzee yaliwafungua macho, lakini karatasi ndiyo iliyobakia mezani tulipoondoka.

Kuna na kalenda ya bahari, na hii hakuna afisa wa Chukwani atakayekukumbusha. Ukiitisha mkutano wa kukusanya maoni wakati wa bamvua, kina mama wa mwani hawaji, wako pwani maji yametoka. Waiteni maji mafu, bahari inapojaa na kutoka kidogo. Na mnapoitwa Unguja msimu wa kusi, msipange kuvuka siku ile ile ya kikao. Bahari ikichafuka boti inaahirishwa, na kamati haitokungojeni bandarini Mkoani. Vukeni siku moja kabla, hata kama ni watu wawili tu wenye karatasi.

Jengine ni gumu zaidi. Mpango wa lini mswada uingie si wa saa na siku pekee, una siasa ndani yake, na ni vyema kulijua hilo bila ya kukata tamaa. Mwaka 2010 wananchi walipiga kura ya maoni juu ya Serikali ya Umoja wa Kitaifa tarehe 31 Julai, na uchaguzi mkuu ulikuwa tarehe 31 Oktoba. Katiba ya Zanzibar ya 1984 ilibadilishwa kuiwezesha serikali hiyo, jambo linalotaka theluthi mbili ya wajumbe, na ilikuwa Agosti ya mwaka huo huo. Penye nia nafasi ilipatikana. Upande wa pili waandishi wa habari wetu wamekaa miaka na miaka wakidai sheria mpya badala ya Sheria Namba 5 ya 1988 ya usajili wa wakala wa habari, magazeti na vitabu. Kwangu mimi hiyo ni dhulma ya kuchelewesha, na walioendelea kuidai nawapa heshima yao.

Kwa hiyo mkikutana na Mwakilishi wenu jimboni, msimuulize "sheria yetu italetwa lini?" Jibu lake mnalijua: iko mbioni. Muulizeni iko wapi leo: wizarani, Baraza la Mapinduzi, au kwenye kamati? Akisema wizarani, mwambieni aliulize swali Barazani katika muda wa maswali na majibu, waziri ajibu kwa kinywa chake na jibu liingie kwenye kumbukumbu rasmi. Kisha mkutano unaofuata mrudieni na jibu hilo mkononi.